Matairi ya baridi kwenye gari lenye nguvu: nilikosea mara mbili kwanza

Asubuhi hiyo theluji haikuwepo, na hicho ndicho kilichoniponza. Lami kavu, anga safi, kipimajoto cha gari kinasoma nyuzi 2. Nikatoka kwenye maegesho, nikakata usukani mpaka mwisho, gari likaanza kurukaruka mbele: tairi linashika, linaachia, linashika tena, kama mtu anayeburuta kabati zito sakafuni. Nikajua bojointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele, imekwisha. Nikaenda hivyohivyo mpaka kwenye taa. Zilipowaka kijani nikakanyaga mafuta kama nilivyozoea, na nyuma ya gari ikanihama kwenda kushoto, karibu nusu ya njia, kabla kompyuta haijakata nguvu. Dereva wa pembeni alinitazama kwa lile jicho la "huyu naye". Hapakuwa na maji, barafu wala mchanga. Baridi tu.

Gari lenyewe ni la milango miwili, injini mbele, na nguvu za farasi zaidi ya 400 zinazokwenda zote kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Nililinunua wakati wa joto likiwa na matairi yake ya kiangazi, mapana, ubavu mfupi, yale ambayo jua likiwa kali ukiyagusa yananata kidoleni. Sikuzaliwa penye theluji. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: theluji ikianguka nitaegesha, isipoanguka nitaendesha.

Aliyenitoa tongotongo ni kaka mmoja tuliyezoeana, ambaye ameendesha malori kwenye barafu miaka mingi kuliko niliyokaa na leseni. Nilimweleza habari ya bojointi. Hakuinama hata kuangalia chini ya gari. Alivua glavu, akakandamiza ukucha wa dole gumba kwenye uso wa tairi langu la nyuma, kisha akanivuta mpaka kwenye gari lake dogo akafanya vilevile. Kwenye tairi lake ukucha uliacha alama, ikafutika polepole. Kwenye langu ulikwaruza tu, kama anayekwaruza beseni la plastiki.

"Mdogo wangu," akasema, "bojointi yako nzima. Hicho ulichokivaa miguuni si mpira tena."

"Lakini kaka, ni mapya haya. Angalia meno yake."

"Meno yapo. Yameganda."

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba mpira wa tairi hupikwa kwa ajili ya joto fulani. La kiangazi, hasa la spoti, limetengenezwa lifanye kazi likiwa limepata moto. Kuanzia karibu nyuzi 7 kushuka linakakamaa, na likikakamaa halijipenyezi tena kwenye vijitundu vya lami, na mshiko unatoka humo. Kule kurukaruka kwenye kona kulikuwa ni hilo hilo: ukikata usukani wote, matairi ya mbele yanaburutana kidogo kwa pembe tofauti, mpira laini hujikunja ukaimeza tofauti hiyo, mgumu unaruka. Hiyo 7 si mstari wa chaki barabarani, kwamba kwenye 8 uko salama na kwenye 6 umekwisha. Ni pale ambapo watu wa matairi wanaanza kukuambia ubadilishe. Ila kuna onyo jingine la watengenezaji ambalo sikuwahi kulisikia: matairi makali ya spoti yakiwa yamelala kwenye baridi ya karibu nyuzi -7 au chini ya hapo, usilitembeze gari kabisa, hata kulisukuma kwa mkono, maana uso wa tairi unaweza kupasuka. Mimi nilidhani baya zaidi linaloweza kutokea ni kuteleza.

Kwa hiyo nikaogopa, na hofu ikanipeleka kwenye kosa la pili. Nilijisemea kwamba kama shida ni ugumu, dawa ni kununua tairi laini kuliko yote yaliyopo.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu koo za matairi haya, kwa sababu wengi huwa tunasema "tairi la baridi" kana kwamba ni kitu kimoja. Finland ndiko yalikoanzia: kampuni tunayoijua leo kwa jina la Nokian ilitoa tairi la baridi la malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye ikatoa la magari madogo, Hakkapeliitta, jina linalotumika hadi leo. Katika ukoo huo wa kaskazini kuna yenye misumari na yasiyo nayo. Yasiyo na misumari, kama Hakkapeliitta R, Michelin X-Ice au Bridgestone Blizzak, yana mpira laini mno na uso uliojaa chale nyembamba, mamia kwa mamia, zinazofunguka na kung'ata barafu. Ukoo wa pili ni ule wa Ulaya ya kati, uliotengenezwa kwa barabara zinazosafishwa haraka, zenye maji baridi na mwendo wa kasi. Michelin Pilot Alpin na Pirelli Sottozero zimo humo. Mpira wake nao unabaki laini kwenye baridi, lakini vibonge vya uso wake ni vikubwa na vimekazana zaidi, haviyumbi gari likielemea upande mmoja.

Nikachukua ya kaskazini, yasiyo na misumari. Jina siliweki hapa kwa sababu tairi halikuwa na kosa lolote. Mwenye kosa alikuwa mnunuzi.

Siku ya kwanza ya theluji nilikuwa mfalme. Gari ambalo watu walikuwa wakinicheka kwalo lilipanda mlima wenye barafu kwa utulivu wa punda. Nilikwenda sehemu ya wazi iliyo tupu, nikashika breki kwa nguvu makusudi, likasimama. Nikampigia kaka simu kujisifu. Akaniuliza theluji itakaa siku ngapi. Sikuwa na jibu.

Ilikaa siku nne. Kisha magari ya chumvi yakapita, lami ikarudi kuwa nyeusi, ikalowa, ikakaa hivyo wiki baada ya wiki. Na kwenye lami hiyo gari langu likawa kitu kingine. Ukigeuza usukani kwenye barabara kuu, kwanza hakuna kinachotokea, halafu vibonge vya tairi vinajilaza, halafu ndipo gari linageuka, na likishageuka linapitiliza kidogo zaidi ya ulivyoomba. Nikikanyaga mafuta kwenye gia ya pili, nyuma inajinyonga kama mtu anayekimbia na viatu visivyofungwa kamba. Siku moja kwenye mvua ya nyuzi 5 mtu mbele yangu alisimama ghafla. Nilisimama pia, lakini nilisimama nikiwa nasoma vumbi kwenye kioo chake cha nyuma. Tairi lile lile lililonifanya mfalme juu ya barafu lilikuwa likinidai mita za ziada kwenye lami iliyolowa, na gari zito lenye kasi huyalipa madeni hayo kwa riba.

Halafu kulikuwa na jambo la kasi. Mwishoni mwa namba za ubavuni kuna herufi: Q ni kilomita 160 kwa saa, R 170, T 190, H 210, V 240, W 270, Y 300. Matairi ya kiangazi ya gari langu yalikuwa Y. Yale ya kaskazini yalikuwa R. Sheria za Ulaya zinaruhusu tairi la baridi lenye herufi ya chini kuliko ya gari, mradi kasi yake iandikwe mahali dereva anapoiona, na mimi siendi 170 kwenye baridi. Lakini herufi hiyo inakupa habari nyingine pia, ya kiasi gani tairi linavumilia joto na kukunjwakunjwa. Gari lenye msukumo mkubwa linalikunja tairi hata likienda 90.

Majira hayo nikaanza kuandika kwenye daftari dogo, kila jioni, neno moja: kavu, maji, tope, theluji, barafu. Hadi majira yanaisha "theluji" na "barafu" kwa pamoja hazikumaliza vidole vya mikono yangu miwili. Nilikuwa nimelivalisha gari kwa ajili ya picha iliyokuwa kichwani mwangu, si kwa ajili ya barabara niliyokuwa naipita. Anayeishi ambako lami haionekani kuanzia mwanzo wa baridi hadi mwisho, daftari lake litamwambia vingine kabisa, na matairi niliyoyakimbia mimi ndiyo yatakayomfaa, pengine hata ya misumari pale sheria inaporuhusu. Na uzuri wa daftari ni kwamba halina ushabiki, maana wenye magari ya spoti tunao mwingi.

Basi ukoo nikaujua: ule wa Ulaya ya kati. Kikabaki kipimo, na hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kote.

Gari lilikuja na 255/35R19 mbele na 275/35R19 nyuma. Kila mtu husema "shuka inchi moja" ya rimu, nami nilitaka kujua kwa nini kabla sijashuka. Nilichukua karatasi. 255 ni upana kwa milimita. Ubavu ni asilimia 35 ya huo, yaani 89.25, pande mbili, 178.5. Rimu ya inchi 19 ni milimita 482.6. Jumla, tairi lina kimo cha milimita 661.1. Sasa 255/40R18: ubavu 102, pande mbili 204, rimu 457.2, jumla 661.2. Tofauti ni unene wa karatasi. Kwa hiyo spidomita haidanganyi na kompyuta ya breki haichanganyikiwi, lakini nimepata karibu milimita 13 za mpira wa ziada kati ya rimu na mashimo yanayofichwa na theluji. Aliyewahi kupinda rimu kwenye shimo ambalo hakuliona anajua thamani ya milimita 13.

Kuna wanaoshuka na upana pia, na kwenye theluji ina maana: tairi jembamba linakata na kushuka chini, pana linajaribu kuelea na kusukuma theluji kama jembe. Kwenye barafu tupu na lami kavu faida hiyo hupungua au huondoka. Daftari langu lilisema lami, kwa hiyo upana nikauacha ulivyokuwa. Na kitabu cha gari, nasema kwa aibu, kilikuwa na jedwali zima la vipimo vya baridi, kwenye kurasa ambazo sikuwahi kuzifungua.

Kwa sababu sikuwa nimezifungua, nikanunua rimu za inchi 18 zilizotumika, nikazipeleka nyumbani, nikainua gari kwa jeki. Matundu ya boliti yalilingana. Tundu la kati lilikaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, vizuri, halichezi. Nikafunga boliti mbili kwa mkono, nikazungusha gurudumu. Kraa. Nikazungusha tena. Kraa, mahali pale pale. Upande wa ndani wa mkono mmoja wa rimu ulikuwa ukigusa kalipa ya breki, kile kibanio kinachobana diski, ikaacha mstari wa rangi nyekundu kwenye aluminiamu. Gari lenye nguvu lina breki kubwa, na kalipa inataka nafasi mbili: kuelekea ukingo wa rimu, na kuelekea nje ambako mikono ya rimu inapita. Mimi nilipima ya kwanza peke yake. Rimu mbili za inchi 18 zinaweza kuwa sawa kwa kila namba iliyopigwa muhuri, moja ikapita na nyingine ikakwaruza, kwa sababu tu ya jinsi mikono ilivyopinda.

Safari iliyofuata nilikata kadibodi kwa umbo la kalipa, nikaenda nayo. Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniazima kalamu niongeze alama. Rimu niliyoichukua inaacha nafasi ya kupitisha kadi mbili za benki zilizobebana. Imepakwa rangi ya kawaida, haina mng'aro wala urembo, kwa sababu chumvi ya barabarani haina heshima na urembo.

Uzito nao usisahaulike, kwani wengi huangalia herufi ya kasi na kuiruka namba iliyo mbele yake. 96 maana yake tairi moja linabeba kilo 710. 99 ni kilo 775. Kasi unaweza kushuka pale sheria inaporuhusu. Uzito usishuke chini ya kile gari linachotaka, hata kama bei inakukonyeza.

Na alama. M+S, yaani tope na theluji kwa Kiingereza, niliiamini sana mwanzoni, kumbe ni neno la mtengenezaji mwenyewe kuhusu umbo la meno. Hakuna mtihani nyuma yake. Inayotafutwa ni picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, maana kuipata lazima tairi lipimwe kwenye theluji iliyoshindiliwa dhidi ya tairi la kulinganishia. Lakini hata mlima huo unazungumzia theluji, hausemi kitu kuhusu barafu. Ndiyo sababu lebo ya Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2021, ina alama mbili tofauti, moja ya theluji na nyingine ya barafu. Niliyonunua safari ya tatu yana mlima, herufi V, na hayana alama ya barafu. Nilijua ninachokiacha.

Ninachokiacha nimekutana nacho mara chache, na mara zote ni pale joto linapozunguka sifuri. Watu hudhani barafu ya nyuzi -20 ndiyo mbaya. Hiyo ni kavu, unaikanyaga inashika kiasi. Ya sifuri ina utando wa maji juu yake, na hapo napunguza mwendo mpaka wa nyuma yangu anapiga honi. Naondoka kwa gia ya pili, mguu wa mafuta kama niko kwenye yai. Rafiki yangu mwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne huniacha kwenye taa kama nimeegesha. Kwenye kona na kwenye breki tunarudi kuwa sawa, kwa sababu kila gari lina breki kwenye magurudumu manne na mpira ni ule ule. Yeye alijifunza hilo kwenye ua wa mtu, na maua hayakuota tena.

Kuhusu kununua mawili tu ya nyuma, kwa kuwa ndiyo yanayosukuma: niliulizwa na muuzaji mmoja, nikatamani, nikakataa. Nyuma inashika, mbele haishiki, unafika kwenye kona gari linaendelea moja kwa moja. Ukiweka mbele peke yake ndiyo mbaya zaidi, nyuma inakupita. Manne, au egesha.

Mambo madogo yaliyobaki nilijifunza kwa taa za dashibodi. Nilijaza upepo ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, nikatoka nje kwenye -10, taa ya upepo ikawaka kabla sijafika barabarani. Kila nyuzi 10 zikishuka, karibu bar 0.1 inaondoka. Sasa najaza nje, alfajiri, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Sensa za upepo zina betri zake ndani, na rimu zilizotumika huja na sensa zilizozeeka. Moja yangu ilizimika wiki ya pili. Boliti nakaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na baada ya kilomita 50 hadi 100 nakaza tena. Mara ya kwanza niliporudia, moja ilizunguka karibu robo. Sijawahi kuruka hatua hiyo tangu hapo.

Tarehe ya kutengenezwa iko ubavuni, tarakimu nne: 3421 ni wiki ya 34 ya mwaka 2021. Kina cha meno napima mwenyewe. Sheria za Ulaya kwa ujumla zinakubali hadi milimita 1.6, lakini kwenye theluji kiasi hicho ni kipara tu. Austria tairi la baridi la kawaida likishuka chini ya milimita 4 halihesabiwi tena kuwa la baridi, na mimi nimeichukua 4 hiyo kuwa sheria ya nyumbani kwangu.

Wiki iliyopita niliyashusha ya kiangazi, nikayaandika kwa chaki, MK, MS, NK, NS (mbele kulia, mbele shoto, nyuma kulia, nyuma shoto), nikayalaza ndani ghalani mbali na dirisha. Kaka alikuja kunishikia tochi. Nikapima ya baridi kabla ya kuyafunga: mbele 6.5, nyuma 5. Ya nyuma yanaliwa haraka, na kwa kuwa upana wake ni tofauti siwezi kuyahamishia mbele.

"Yatavuka?" nikamuuliza.

Akakandamiza ukucha. Alama ikakaa, ikafutika polepole.

"Yatavuka," akasema, "ukiacha kuondokea taa kama umeitwa."

Nikafunga boliti ya kwanza.